Pumzi ya Jirani na Motokaa ya Kale

Yapo maswali ya maadili ambayo mtu huyakuta katika vitabu vya wenye hekima, na yapo mengine ambayo humjia mlangoni pake bila ya kuitwa, yamevaa nguo za shughuli za kila siku. Swali la insha hii ni la namna ya pili. Lilinijia katika umbo la motokaa. Mwana wa ami yangu, ambaye Mungu amemfungulia riziki katika biashara, aliniita nyumbani kwake Dar es Salaam akanionyesha picha ya Peugeot 404 iliyotengenezwa mwaka 1966, na iliyokuwa ikiuzwa Ufaransa. Alitaka tuinunue kwa shirika, nusu yake na nusu yangu, tuilete nyumbani kwa meli. "Kaka," aliniambia, "hii ndiyo motokaa ya Baba Mkubwa." Sikuweza kumjibu siku ile. Sababu ya kushindwa kumjibu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Baba Mkubwa wake ni baba yangu mimi, marehemu, aliyeendesha teksi ya aina hiyo mjini Tanga nilipokuwa mtoto. Motokaa ile ilikuwa na jina kubwa katika Afrika ya Mashariki. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, Peugeot 404 ilitwaa ushindi mwaka 1963, kisha ikautwaa tena mwaka 1966, 1967 na 1968; na mara mbili katika hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Motokaa iliyovuka matope ya masika mbele ya macho ya watu ilisadikiwa kuwa itavuka pia njia za Muheza na Pangani. Baba aliipenda kwa uvumilivu wake. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine. Kila asubuhi alipoiwasha nilikimbia nikasimama nyuma yake, nikavuta harufu ya moshi wake kama mtu avutaye udi. Hata leo harufu hiyo ikinifikia njiani hugeuka kutazama, kana kwamba baba amepita.

Miaka mingi baadaye nilisoma kilichokuwamo katika moshi ule. Mwaka 1921, katika mji wa Dayton, Ohio, nchini Marekani, Thomas Midgley, mtaalamu wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba petroli ikitiwa kiasi kidogo cha dawa ya risasi, injini huacha kugonga na huweza kuundwa yenye nguvu zaidi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Haukupita muda ikadhihirika kuwa dawa ile ni sumu: mwaka 1924 wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza katika kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili. Hata hivyo biashara iliendelea. Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alitangaza kwamba risasi iliyomo katika miili ya watu wa zama hizi imepita mno kiasi cha maumbile. Risasi hudhuru watoto kuliko watu wazima, kwa maana ubongo wao ungali unajengeka. Humwibia mtoto sehemu ya akili kabla hajajua kuwa alikuwa nayo. Nchi zikaanza kuiacha, moja baada ya moja. Mataifa ya Afrika yaliyo kusini ya Sahara yaliafikiana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipoingia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa katika nchi zetu. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya barabarani ilikuwa Algeria, iliyoacha mwezi wa Julai 2021.

Basi udi wangu ulikuwa sumu. Baba hakujua, wala majirani hawakujua. Na asiyejua husamehewa. Lakini mimi ninajua, na mwana wa ami yangu anajua. Hapo ndipo lilipo swali: je, mtu anayejua ana haki ya kurudisha nyumbani kitu kizuri ambacho pumzi yake ni mbaya?

Kabla ya kuhukumu yafaa tuijue hali ya mtambo wenyewe, kwa kuwa hukumu isiyojua jambo ni dhuluma. Injini nyingi za miaka ile ziliundwa kwa kutazamia petroli yenye risasi. Risasi haikuzuia kugonga tu. Iliweka pia utando mwembamba juu ya viti vya valvu za kutolea moshi, ukazuia chuma kusagana na chuma. Injini ya namna hiyo ikinyweshwa petroli ya leo na kukimbizwa sana, viti vyake huliwa kidogo kidogo mpaka valvu zikashindwa kufunga. Hapo nguvu hupungua na moshi huzidi. Dawa yake yajulikana: fundi hung'oa viti vya zamani akatia vya chuma kigumu. Kama kazi hiyo haikufanywa Ulaya, ni wajibu ifanywe hapa.

Jambo la pili ni kileo. Petroli ya Ulaya siku hizi huchanganywa na ethanoli. Nchini Uingereza, kwa mfano, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huweza kuwa na ethanoli mpaka sehemu 10 katika 100. Ethanoli huvuta maji, huchochea kutu katika tangi, na huiharibu mipira ya zamani ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Motokaa iliyolala ghalani na mafuta hayo tumboni yaweza kufika bandarini rangi yake inang'aa na mipira yake imeoza. Petroli inayovuja huchafua hewa kabla injini haijawashwa, na pengine huleta moto.

Jambo la tatu ni zito kuliko hayo, nalo halina dawa nyepesi. Motokaa ya 1966 haina masega, kama mafundi wetu wakiitavyo kile kisafisha moshi kilichomo katika bomba la magari ya sasa, chenye vitundu vingi mithili ya sega la nyuki, kilichopakwa platini na madini mengine ghali ya jamii yake. Masega yalianza kuwekwa kwa wingi Marekani katika magari ya mwaka 1975, nayo yalikuwa sababu kubwa ya kuiondoa risasi, kwa kuwa risasi huyaua. Masega mazima ya aina ya sasa, yakishapata joto, huweza kuondoa zaidi ya sehemu 90 katika 100 za kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na mabaki ya petroli isiyoungua. Motokaa ya kale hutoa vyote hivyo kama vilivyo. Ikipita mbele ya mama anayechoma mahindi kando ya njia, yale yote hupita mbele yake pia.

Tutazame sasa jinsi serikali zilivyolijibu swali hili. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ililifungia mlango gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haikufunga mlango, bali imechagua kuongeza ushuru kwa ajili ya uchakavu. Katika nchi hizi uzee wa gari ni kasoro, nao hutiwa adhabu au hukataliwa. Ukivuka bahari unakuta kinyume: uzee ukizidi sana hugeuka kuwa heshima. Marekani huisamehe kanuni zake za moshi motokaa iingizwayo nchini ikiwa imetimiza miaka 21 na haikubadilishwa asili yake; na ikitimiza miaka 25 huisamehe kanuni za usalama pia. Mjini London, ambako tangu Agosti 2023 mitaa yote imo chini ya kanuni ya hewa safi, gari lisilotimiza kiwango hulipa pauni 12.50 kwa siku. Lakini motokaa ya kale iliyotimiza miaka 40, ikiandikishwa hivyo na isipotumiwa kwa biashara, hupita bure. Kwa hiyo fundi bomba mwenye gari la dizeli la mwaka 2012, aendaye kuziba bomba la maji linalovuja, aghalabu hulipa. Na tajiri mwenye motokaa ya mwaka 1965, aendaye kujionyesha, halipi kitu.

Niliposoma habari hiyo nilikasirika. Nilisema moyoni: tazama jinsi dunia inavyogawa majina. Gari kuukuu la tajiri huitwa tunu, na gari kuukuu la maskini huitwa mkweche. Moshi wa la kwanza husamehewa na moshi wa la pili hushitakiwa, ilhali mapafu hayatambui jina. Hasira hiyo haikuwa bure, lakini ilikuwa na haraka. Sheria ile ina hoja yake. Motokaa za kale ni chache na hutembea siku chache katika mwaka. Magari ya kazi ni mengi na hutembea kutwa. Mtunga sheria hutazama jumla ya moshi wa mji mzima, hatazami moshi wa mtu mmoja. Kwa hesabu yake hakukosea.

Lakini hesabu ya mtunga sheria si hesabu yote ya mwenye motokaa. Mwenye motokaa hujitetea kwa hoja tatu, nazo zastahili kupimwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya uchache: moshi wangu ni tone katika bahari. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na kila haba ikiulizwa ingesema kuwa si yeye aliyekijaza. Uchache hupunguza ukubwa wa dhara; haubadili jina lake. Mtu aliyemkanyaga mwenziwe kidogo bado humwomba radhi. Hata hivyo uchache una uzito wa kweli, nasi tuupime kwa haki. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi, kwa sababu kaboni iliyomo hujitwalia oksijeni kutoka katika hewa, ikawa nzito kuliko mafuta yenyewe. Motokaa ya kale inayokunywa lita 10 kwa kilomita 100, ikienda kilomita 800 tu kwa mwaka, huunguza lita 80 na kutoa kilo 184. Gari la kisasa linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100, likienda kilomita 12,000, huunguza lita 840 na kutoa zaidi ya kilo 1,900. Katika jambo la joto la dunia, basi, mtembezi wa kila siku humshinda mzee wa mara moja moja kwa mara kumi. Katika jambo la sumu ya karibu, ile inayoingia katika pua ya mpita njia, kila kilomita moja ya mzee ni mbaya zaidi. Msomaji aone kwamba haya ni madhara mawili, wala moja halilipi deni la jingine.

Hoja ya pili ni ya uzuri na urithi. Huambiwa kuwa motokaa ya kale ni kumbukumbu ya kazi ya mikono ya watu waliopita, na taifa lisilotunza kumbukumbu hupotea. Hoja hii naipenda, na kwa sababu naipenda naiogopa. Urithi ni mali ya wengi. Kitu kilichofungiwa katika banda la mtu mmoja, kikatoka usiku kumpeleka karamuni, hakijawa urithi. Ni pambo lake. Kikitolewa mchana mbele ya watu, vijana wakafunuliwa boneti, wakaelezwa kabureta ni nini na babu zao walisafirije, hapo moshi mdogo uliotoka umelipiwa kwa kitu ambacho waliouvuta nao wamekipata. Tofauti ya pambo na urithi, kwa hiyo, haimo katika chuma. Imo katika swali la nani anayefaidi na nani anayekohoa. Wakiwa ni watu wale wale, jambo lina nafuu. Wakiwa mbalimbali, ni dhuluma, hata kama chuma chenyewe ni kizuri kama lulu.

Hoja ya tatu ni ya haja, nayo si ya tajiri bali ya maskini. Dereva wa gari kuukuu la abiria hutoa moshi mweusi kwa sababu watoto wake wanakula kwa gari lile, na abiria wake hawana nauli ya gari jipya. Wala tusisahau yalikotoka magari hayo. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na mengi yakaenda katika nchi zisizo na utajiri. Mengine huja masega yake yamekwisha kung'olewa kwa ajili ya platini. Waliosafisha hewa yao kwa kutuuzia moshi wao hawana haki ya kutusomea mawaidha. Lakini haja nayo ina mpaka: humtoa mtu lawamani, haimtoi jirani yake kikohozi. Haja ya dereva ni deni juu ya jamii nzima, kwamba impe njia ya kupata riziki bila ya kuwadhuru wenziwe.

Baada ya kuzipima hoja hizi nilijiona nimekuwa kadhi. Nilimwendea mwana wa ami yangu, nikamweleza risasi na kileo na masega, nikamwambia kuwa sioni haki yetu kuileta motokaa ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Kisha akaniuliza: "Na lako, kaka, lina masega?"

Nilikuwa sijajiuliza. Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, nami hulipanda kila siku kwenda kufundisha. Kesho yake nilimpelekea fundi. Alilala chini ya gari, akagonga bomba kwa spana, akatoka akipangusa mikono. "Mwalimu," akasema, "hapa pana bomba tupu." Huenda yaling'olewa kabla halijapakiwa melini, huenda yaliibwa hapa hapa, sikuweza kujua. Nililojua ni kwamba kwa miaka mingi nimepita kila asubuhi mbele ya watu walewale wa kituo kimoja cha daladala, moshi wangu ukiwaangukia, nami nikitayarisha akilini somo la maadili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Aibu hiyo ilinifundisha kitu ambacho vitabu havikunifundisha. Katika maumbile ya motokaa dereva hukaa mbele na moshi hutoka nyuma. Mtambo umeundwa hivyo kwa faida ya dereva, na katika kuundwa hivyo umemficha matokeo ya safari yake. Huona njia, haoni alichokiacha njiani. Ubaya mwingi wa zama zetu una umbo hilo: hautoki katika moyo mwovu, bali hutoka katika kiti kizuri ambacho mkaaji wake hatazami nyuma. Nilipokuwa mtoto nilisimama mahali pa kweli, nyuma ya bomba, ila sikujua nilichokivuta. Sasa ninajua ninachokitoa, ila nimehamia mbele. Ujuzi wa mtu mzima na mahali pa mtoto havikupata kukutana. Na kazi ya maadili, katika jambo hili, ni kuvikutanisha.

Kwa hiyo naona kipimo cha haki si umri wa gari, wala uzuri wake, wala ruhusa ya forodha. Sheria ni sakafu; mtu huanza hapo, haishii hapo. Kipimo ni hiki: mwenye gari na ashuke, azunguke, asimame nyuma ya bomba lake injini ikinguruma, pamoja na jirani yake na mtoto wa jirani yake, kisha aseme kwa ulimi wake kwa nini moshi huu ni lazima. Kama ana jibu ambalo jirani anaweza kulikubali, na aendeshe. Kama hana, msamaha wa serikali haumfai kitu mbele ya jirani huyo.

Kwa kipimo hiki nilirudi kwa mwana wa ami yangu, safari hii bila ya ukadhi. Sehemu ya fedha niliyoiweka kando kwa ajili ya nusu yangu imekwenda katika masega ya gari langu, nayo si fedha kidogo. Juu ya motokaa ya Ufaransa nilimwekea masharti: viti vya valvu vitiwe vigumu; mipira yote ya mafuta ibadilishwe kabla haijatiwa petroli ya hapa; kabureta irekebishwe kwa chombo cha kupimia moshi, si kwa sikio; isitumiwe kwa safari za kila siku; na ikitoka, itoke kwa ajili ya watu, ipelekwe shuleni na katika siku za maonyesho, vijana waione. Alikubali yote isipokuwa moja. Binti yake anaolewa mwakani, naye anataka bibi arusi apelekwe na motokaa ya babu yake mkubwa. Tulibishana. Mwishowe nilikubali, kwa kuwa waalikwa wote watakuwa nyuma yake katika msafara, na mimi nimeomba niwe katika gari la pili, madirisha yakiwa wazi.

Bado hatujainunua. Pengine tukipiga hesabu ya nauli ya meli, ushuru na uchakavu tutaiacha kwa ajili ya fedha, tukajisifu kuwa tumeiacha kwa ajili ya wema. Ikiwa hivyo, masega niliyoyatia yatabaki kuwa tendo langu moja la hakika katika habari hii yote. Kila asubuhi sasa, kabla ya kuondoka, huwasha gari, nikashuka, nikazunguka nyuma kwa kitambo kidogo. Hakuna harufu ya udi. Kisha nakwenda kazini.